Mafuta Kwanza, Mnofu Baadaye: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Wawindaji wa Enzi za Mawe

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu mifupa ya wanyama iliyochimbuliwa Bonde la Oldupai, barua zenu hazijakatika. Tumechagua zile zinazozunguka jambo moja: mnyama mkubwa akishaanguka, nini kilifuata?

Nina bucha hapa Dodoma. Ng'ombe mmoja nikimchuna bila kunoa kisu, nakwama kabla sijafika mgongoni. Watu wasio na chuma walimchunaje pundamilia au pofu?
*Mwenye bucha, Dodoma*

Ndugu yetu, wao hawakuhangaika kunoa. Walitupa na kuchukua kingine. Gonga jiwe linalofaa kwa jiwe jingine gumu na litabanduka kibanzi chenye ukingo mkali sana, ila ukali huo haudumu. Kikigusa mfupa kinamenyeka, kikipita kwenye shahamu kinapakaa mafuta na kuanza kuteleza. Hapo kinawekwa chini na kingine kinabanduliwa. Ndiyo sababu mahali palipochinjwa mnyama mmoja panaweza kukutwa vibanzi kwa makumi. Vidogo vya sentimita 4 hadi 8 vinatosha. Wataalamu wamewahi kuchuna tembo waliokufa wenyewe kwa vibanzi vya namna hiyo tu, na ngozi ya tembo ina unene wa sentimita 2 na zaidi.

Aina ya jiwe ina maana kubwa. Pale Oldupai walitumia sana kwatzaiti ya kilima cha Naibor Soit, kilicho karibu na bonde. Inatoa makali mazuri lakini huvunjika upesi. Mawe ya volkano kama basalti hayana makali hayo, ila ni magumu, kwa hiyo yalifaa zaidi kugongea na kuvunjia mifupa. Baadaye, kuanzia kama miaka milioni 1.75 iliyopita, likaja shoka la mkono: jiwe zito lililochongwa pande zote mbili. Majaribio ya Peter Jones aliyoyafanya Oldupai na kuyachapisha mwaka 1980 yalionyesha faida yake kwa mnyama mkubwa. Makali yake ni marefu, uzito wake unasaidia kukata, na vidole havishikwi na ganzi kama unapobana kibanzi chembamba kwa saa nzima.

Mpangilio wa kazi ungeutambua mwenyewe. Chale moja ndefu kutoka kooni hadi kinena, kisha chale za upande wa ndani wa miguu. Ukingo wa jiwe unaingizwa chini ya ngozi na kukata kuelekea nje, kwa sababu manyoya yaliyojaa vumbi huua makali haraka kuliko nyama. Matumbo yanatolewa mapema, maana mzoga ukikaa juani tumbo hujaa gesi, na likitobolewa ovyo kinyesi huharibu sarara na nyama ya ndani ya mapaja. Mguu wa mbele, unajua, haukushikamana na mwili kwa mfupa wowote. Umeshikwa na misuli peke yake, hivyo ukikata chini ya mfupa wa bega unanyanyuka wote. Mguu wa nyuma ndio wenye kazi: lazima uzungushe chale kwenye nyonga, uutengue, kisha ukate ule ukano mfupi uliojificha ndani ya kiungo. Anayejaribu kuung'oa kwa nguvu kabla ya kukata ukano huo atachoka bure. Mbavu zinakunjwa kinyume mpaka zivunjike penye uti wa mgongo. Ulimi hutolewa kwa chini, katikati ya mifupa ya taya.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Mifupa ya miaka milioni mbili mnajuaje ililiwa na watu, si simba?
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba. Mfupa hutunza alama, na kila alama ina umbo lake. Chale ya jiwe ni nyembamba, inaingia ndani kama herufi V, na ukiitazama kwa hadubini utaona mistari midogo inayokwenda sambamba ndani yake, kwa sababu ukingo wa jiwe haukunyooka kama wembe. Jino la simba au fisi huacha mfereji mpana wenye tako la mviringo. Mfupa uliokanyagwa na nyumbu kwenye mchanga una mikwaruzo pia, lakini haiingii ndani na imeelekea kila upande bila mpango. Uliovunjwa kwa jiwe una pengo la nusu duara pale ulipopigwa, na pembeni yake vishimo vyenye mikwaruzo mifupi, kwa kuwa jiwe liliteleza kidogo.

Mwaka 1981 watafiti walitangaza kwa mara ya kwanza chale za namna hiyo kwenye mifupa ya Oldupai. Kituo mashuhuri ni kile kiitwacho FLK Zinj, mahali mtafiti Mary Leakey alipoona mwaka 1959 fuvu la Zinjanthropus, mmoja wa jamaa za kale za binadamu. Kina umri wa miaka milioni 1.84, na zana za mawe zilizokusanywa hapo ni karibu 2,500, zimechanganyika na maelfu ya vipande vya mifupa.

Umbo la alama peke yake halimalizi swali. Angalia pia ipo wapi. Simba akishamaliza kula, katikati ya mfupa wa paja na wa mkono wa juu hubaki nyama kidogo mno. Basi chale zikiwa nyingi hapo katikati, mtu alifika wakati mnofu bado upo. Zikiwa karibu na kwato tu, huenda alikuwa anachuna ngozi, au anahangaika na mabaki. Robert Blumenschine, aliyechunguza mizoga ya Serengeti na Ngorongoro, alisema watu wa FLK Zinj walifika baada ya wanyama wakali na kufuata uboho, yaani mafuta ya ndani ya mfupa, kwa kuwa simba hana taya za kuvunja mifupa mikubwa. Henry Bunn na Manuel Domínguez-Rodrigo wamesema walifika mapema na kupata mapande makubwa ya nyama. Kwa FLK Zinj sisi tunaona hoja ya pili ina nguvu, kwa sababu ya wingi wa chale kwenye mifupa ya juu ya miguu. Lakini usiibebe kanuni hiyo ukaipeleka kila kituo. Nafasi ya kuokota mzoga mzuri ikitokea, nani angeiacha?

Mimi ni muuguzi. Wagonjwa wangu nawaambia wapunguze mafuta. Nasikia watu wa kale walikula nyama tu na walikuwa na afya nzuri. Ni kweli?
*Muuguzi, Mombasa*

Dada, ushauri wako kwa wagonjwa uko palepale, maana wanaishi maisha mengine. Lakini mwindaji wa kale alikuwa na tatizo lililo kinyume na la wagonjwa wako: mnyama wa porini ni mkavu. Mnofu wa swala una mafuta gramu 1 hadi 2 tu katika kila gramu 100. Na mwili wa binadamu hauwezi kuishi kwa protini tupu, kwa sababu ini lina kikomo cha kubadili naitrojeni ya protini kuwa yurea. Kwa watu wengi kikomo hicho ni karibu asilimia 35 ya nishati ya siku.

Tufanye hesabu. Mtu anayehitaji kalori 2,500 kwa siku anaweza kupata kama 875 kutoka kwenye protini. Hiyo ni gramu 220 hivi, sawa na kilo moja ya mnofu. Kilo hiyo, pamoja na mafuta yake machache, inampa kalori 1,060 au pungufu. Zinazobaki, zaidi ya 1,400, hawezi kuzipata kwa kuongeza mnofu. Akilazimisha, kinafuata kichefuchefu, kuharisha na udhaifu, na njaa haiishi hata tumbo likiwa limejaa. Wasafiri wa nchi za baridi kali za kaskazini wanaijua hali hiyo, na mpelelezi wa nchi hizo Vilhjalmur Stefansson aliieleza mwanzoni mwa karne ya 20: inampata anayekaa akila sungura peke yake.

Sasa chukua uboho. Gramu 100 za uboho wa mnyama aliyenona zina kalori karibu 780. Gramu 200 tu zinafunga pengo lote la hesabu yetu. Kwa hiyo "walikula nyama tu" si sahihi. Walitafuta mafuta, na yalipokosekana walihitaji viazi vya porini, asali, matunda au mbegu. Kiangazi kikali ndipo mashaka yalipozidi, kwa sababu wanyama nao wamekonda.

Huo uboho waliutoaje? Mimi mfupa wa ng'ombe naupasua kwa shoka na bado unaniumiza mikono.
*Msomaji, Bukoba*

Kosa la kawaida ni kupiga mfupa ukiwa na utando wake. Mfupa mbichi umevikwa ngozi nyembamba yenye unyevu, nayo hufyonza pigo: jiwe linadunda, mfupa haupasuki. Kwanza utando unakwanguliwa kwa kibanzi mpaka mfupa uwe mweupe. Kisha mfupa unalazwa juu ya jiwe pana lisilotikisika, yaani fuawe. Ukilazwa kwenye udongo, ardhi inakula nguvu ya pigo. Jiwe la kugongea liwe la mviringo, lijae mkononi, na pigo litue kwenye bapa la mfupa karibu na mwisho wa shina lake. Usipige kwenye kichwa cha mfupa chenye sifongo, maana hapo unapondeka tu bila kupasuka. Mfupa wa swala pala hufunguka kwa pigo moja au mawili. Wa pofu au nyati unahitaji kadhaa, ukiugeuza kila mara. Ukiwa mbichi hupasuka kwa mstari unaozunguka kama ukindu uliosokotwa, na hiyo ni alama nyingine inayotuambia kwamba ulivunjwa ukiwa bado na mafuta yake. Upigaji wa hasira ndio unaoharibu, kwani vijibanzi vya mfupa huingia ndani ya uboho na kuvunja meno ya mlaji.

Ipi yenye faida? Paja na muundi wa nyuma, kisha mkono wa juu na wa chini wa mbele, na mwisho ile mifupa myembamba iliyo juu ya kwato. Kwa ukubwa, paja linashinda. Lakini mnyama anapokonda mafuta yake huisha kwa utaratibu: ya mgongoni huanza, yanafuata ya kuzunguka figo, kisha uboho, nao huanzia mifupa ya juu kushuka chini. Mnyama aliyedhoofika ana uboho mwekundu wa majimaji pajani, hauna thamani, huku ile mifupa ya juu ya kwato bado ina mafuta, tena laini yasiyoganda upesi. Mwindaji mjuzi wa kiangazi angevunja mfupa mmoja, akautazama, kisha akaamua aendelee na upi na auache upi. Ubongo nao haupungui mafuta mnyama anapokonda. Kanjera Kusini, Kenya, kwenye rasi ya Homa, watu wa miaka milioni 2 iliyopita walikuwa wakibeba vichwa vya swala wa ukubwa wa kati mpaka kituoni mwao, na maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba waliufuata ubongo.

Sisi watu wa Homa Bay tumesikia kwamba viboko waliliwa kwetu kabla ya mahali pengine popote. Je, ni kweli?
*Msomaji, Homa Bay*

Nyayanga, kwenye rasi hiyohiyo, imetoa mifupa ya kiboko yenye chale, pamoja na zana za mawe, kutoka kwenye tabaka la kati ya miaka milioni 3.0 na 2.6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Hao ni miongoni mwa wanyama wakubwa wa zamani kabisa tunaojua walikatwa kwa zana za mawe. Hatuna sababu ya kusema waliwindwa, kwani kiboko anaweza kufa mwenyewe majini au kwenye tope. Lililotushangaza zaidi ni meno yaliyokutwa hapo: si ya jamii yetu ya Homo, ni ya Paranthropus, jamaa mwingine wa kale wa binadamu, mwenye magego makubwa na aliyedhaniwa kula mimea tu. Aliyeshika kibanzi huenda alikuwa yeye.

Bila moto nyama mbichi ya mnyama mkubwa inatafunika?
*Msomaji, Unguja*

Kwa meno yetu, vipande vikubwa havitafuniki vizuri. Vinazunguka mdomoni bila kukatika. Dawa yake ni kukata vipande vidogo. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulikadiria kwamba mlo wenye theluthi moja ya nyama, nyama ikikatwa na viazi vikipondwa kwa jiwe, hupunguza utafunaji kwa asilimia 17. Moto ulikuja baadaye. Kwenye pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, kuna majivu na mifupa iliyoungua ya miaka kama milioni 1.

Kwetu nyama tunaikausha, tunaikaanga na kuihifadhi ndani ya mafuta: nyirinyiri. Wa kale walihifadhije?
*Msomaji, Garissa*

Mpo kwenye njia ya zamani sana. Kinachoharibu nyama ni maji, na mnofu ni maji kwa karibu robo tatu. Ukikatwa vipande vya unene wa sentimita moja au chini, ukafuata nyuzi za nyama, ukaanikwa penye upepo na moshi kidogo chini yake, kilo 3 au 4 hurudi kuwa moja. Shahamu inaondolewa kabla ya kuanika, kwa sababu haikauki. Inachacha na kuiharibu nyama jirani. Ukikata nene, nje panafunga na ndani panaoza. Mafuta hutengwa na kurudishwa mwishoni. Wenyeji wa nyanda za Amerika Kaskazini waliponda nyama kavu ya baisani, nyati wa huko, ikawa kama unga, wakaimwagia mafuta yaliyoyeyushwa.

Uboho ulihifadhiwa ndani ya mfupa wenyewe. Pango la Qesem, Israeli, lilikaliwa kati ya miaka 420,000 na 200,000 iliyopita. Watafiti waliona chale zisizo za kawaida kwenye mifupa ya miguu ya kulungu wa huko: za kusukuma ngozi kavu ambayo imekwisha kugandamana na mfupa. Walijaribu wenyewe na kukuta kwamba mfupa ulioachwa na ngozi yake hutunza uboho unaolika hadi wiki tisa. Iliyochunwa huharibika mapema zaidi.

Kisha kuna mafuta yaliyojificha kwenye sifongo ya vichwa vya mifupa. Neumark-Nord, Ujerumani, miaka 125,000 iliyopita, Waneanderthali, jamaa wa kale wa binadamu waliotoweka, walikusanya kando ya ziwa mifupa ya wanyama wakubwa wasiopungua 172, hasa farasi, kulungu na ng'ombe mwitu, wakaiponda na kuichemsha ili kupata mafuta. Habari hiyo ilitoka mwaka 2025. Kazi yenyewe si nyepesi. Vichwa vya mifupa vinapondwa vipande vidogo kabisa, maana maji ya moto hayafiki ndani ya kipande kikubwa. Vinawekwa kwenye maji yanayochemka polepole, kwa sababu yakitokota kwa fujo mafuta huchanganyika na mchuzi na hayaelei. Baada ya saa kadhaa yanaachwa yapoe, na utando mweupe unaenguliwa juu. Sufuria hawakuwa nayo, lakini ngozi au gome lenye maji ndani haliungui likiwekwa juu ya moto, au unaweza kudumbukiza mawe yaliyopashwa moto. Mawe yaliyotoka mtoni yakiwa na unyevu hayafai, kwani hulipuka. Kuni na maji vinavyotumika ni vingi, ndiyo maana haikuwa na faida kuchemsha mifupa ya mnyama mmoja. Ilingojewa mpaka irundikane.

Naishi Denver. Hapa Colorado kuna mahali panapoitwa Olsen-Chubbuck, baisani wengi waliuawa kwa mpigo. Si ufujaji huo?
*Msomaji, Denver*

Kwa sehemu, ndiyo. Miaka kama 10,000 iliyopita kundi la baisani wa aina iliyokwisha kutoweka lilikimbizwa likatumbukia kwenye korongo jembamba. Joe Ben Wheat, aliyelichimbua, alihesabu karibu 190. Waliokuwa juu walikatwa kwa ustadi: mifupa imelala marundo kwa marundo, miguu ya mbele pamoja, mbavu pamoja, kama watu waliofanya kazi kwa zamu wakimaliza sehemu moja ya wanyama kadhaa kabla ya kuhamia nyingine. Mifupa ya ndimi imetapakaa kwenye marundo yote, jambo linaloonyesha walikuwa wakila ndimi huku kazi inaendelea. Waliokuwa chini kabisa walibanwa na uzito wa wenzao. Mnyama wa kilo mia kadhaa aliyejikunja mtaroni hageuziki, na kabla hujamfikia joto la tumbo lake limekwisha kumuozesha. Mifupa ya ndama wa siku chache inaonyesha ulikuwa mwisho wa majira ya kuchipua, jua limeanza kuwaka. Anayekimbiza kundi hawezi kuchagua idadi.

Jirani zetu Wahadzabe ni wawindaji hodari. Je, kila siku walikuwa wakila nyama ya wanyama wakubwa?
*Msomaji, Karatu*

Hapana, na hili tungependa lijulikane zaidi. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliokaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi miaka ya 1980 waliona kwamba mwindaji mmoja hukosa mnyama mkubwa katika siku 97 kati ya 100. Hao ni watu wenye upinde mzito na mishale ya sumu, silaha ambazo mtu wa FLK Zinj hakuwa nazo. Mshale ukishapiga hawamkimbilii mnyama. Wanasubiri sumu ifanye kazi, maana anayefukuzwa hukimbilia mbali na kupotea. Kinachoshibisha kambi siku zile nyingine ni viazi vinavyochimbwa na akina mama, ubuyu, matunda na asali. Twiga au pofu akipatikana, nyama hugawiwa kambi nzima. Sehemu maalumu, nyingi zikiwa zenye mafuta, ni epeme: huliwa na wanaume waliokwisha kufikia daraja hilo.

Maini ya mnyama yeyote yalilika?
*Msomaji, Lodwar*

Ya mla majani, ndiyo, na huenda yaliliwa kwanza kwa kuwa huharibika upesi. Ya mla nyama ni hatari: vitamini A hujilimbikiza humo mpaka ikawa sumu. Koobi Fora, upande wenu wa pili wa Ziwa Turkana, mwaka 1973 yalipatikana mabaki ya mwanamke wa Homo erectus, jamii nyingine ya kale ya binadamu, namba KNM-ER 1808, ambaye mifupa yake ya miguu imefunikwa tabaka la mfupa usio wa kawaida. Alan Walker na wenzake walipendekeza mwaka 1982 kwamba alikula maini ya wanyama wakali. Wengine wanataja maradhi kama buba. Tabaka hilo ni nene kiasi kwamba lilihitaji wiki nyingi kujengeka, na kwa muda huo wote mgonjwa mwenye maumivu kama yale hakuweza kujitafutia chakula wala maji peke yake.